Mwalimu, maua 43 na kirikuu cha kwenda Njiro

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya wenyewe, majina nimeyaacha na vitu vidogo vidogo nimevigeuza ili mtu asianze kutafuta ni nani. Mhusika ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, anakaa Soweto hapa hapa Moshi mjini. Magoti yamemchosha, watoto wakakaa kikao wakaamua ahamie kwa kijana wake mkubwa Njiro, Arusha, nyumba ya Moshi ipangishwe. Kila kitu kikakubaliwa chap, makochi yakapata mtu, friji likapata mtu, hadi kuku wakagawanywa bila maneno. Kilichokwama ni maua. Kijana akasema Njiro nafasi ipo ya vyungu kumi basi, mengine yatupwe, na mimi nikapigiwa simu kwa sababu nina kitalu na huwa nazunguka majumbani kubadilisha udongo na kutibu maua ya watu. Kazi kwa maneno ilikuwa nyepesi sana: "Kaka njoo uchague kumi mazima, yaliyobaki pakia ukamwage, nitakurushia hela ya mafuta."

Nikafika, shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu karibu chai, nikaanza kuhesabu. 43. Na nikisema vyungu nieleweke, vyungu vya kununua vilikuwa vya kuhesabika, mengi yalikaa kwenye ndoo za rangi, makopo ya maziwa ya unga, sufuria zilizotoboka kitako, na moja lilikuwa limestawi vizuri tu ndani ya jagi la umeme lililoungua. Mani planti ilikuwa imepanda dirishani ikapita juu ya pazia ikatokea upande wa pili wa sebule, ukitaka kulivuta pazia lazima uombe ruhusa. Kwenye baraza krotoni zimepangwa kama wanafunzi mstarini, ndefu nyuma fupi mbele. Mengi yalikuwa mazima kabisa, na hili ndilo kijana alikuwa halijui, yeye alidhani mama anafuga maua yanayokufa.

Ila yaliyokuwa mabaya yalikuwa mabaya kweli. Krotoni tano za mwisho barazani, ukiangalia pale jani linapoungana na shina unakuta kama kapamba keupe, ukikagusa kwa kijiti kananata, na juu yake sisimizi wanapanda wanashuka foleni. Hao ni vidung'ata. Wanafyonza utomvu halafu wanatoa majimaji matamu, sisimizi wanayalamba na ndio maana wanawalinda, kwa hiyo ukiona sisimizi wanalihangaikia ua wakati halijachanua hata kidogo, usilisifie, chungulia. Nikaling'oa moja nikatazama mizizi, weupe upo mpaka chini. Hapo tena siyo kazi ya kufuta na pamba yenye spiriti.

Na lilikuwepo difenbakia moja kwenye kona, shina refu tupu kama fimbo ya kutembelea, limepinda likaegemea ukuta, juu kabisa majani matatu. Hili ndilo lililokuwa limeleta vita kabla mimi sijaitwa. Kijana alimpigia simu dada wa kazi akamwambia atoe yale yaliyochakaa awekee gari la taka, dada akatii, akaanza na hilo wakati mwalimu yuko kwenye sala za jumuiya. Mwalimu anarudi anakuta shina limechomoza kwenye kiroba cha taka getini pamoja na maganda ya ndizi na pempasi za jirani. Akalitoa kwa mikono yake, akalisuuza bombani, akalirudisha kwenye ndoo yake, na simu za mwanawe hakupokea siku kadhaa. Kijana ananisimulia huku anacheka lakini unasikia kabisa kaumia: "Yaani mama amenikasirikia kwa sababu ya mti wenye majani matatu."

Sasa ukikaa na familia kama hii kila mtu ana maelezo yake kwa nini mama hataki kutupa. Binti wa pili alisema mama anajali hela, ameyagharamia. Mkwe akasema ni upweke. Mwalimu mwenyewe kwanza aliniambia maua yanasafisha hewa ya ndani, daktari mmoja alimwambia.

Hili la hewa nilimaliza haraka. Limetoka kwenye utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa mwaka 1989, aliufanya Bill Wolverton, waliweka mimea kwenye visanduku vilivyofungwa kabisa wakapima kemikali zinavyopungua. Ndani ya kisanduku zinapungua kweli. Lakini mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring walirudia kupiga hesabu za tafiti za aina hiyo kwa ajili ya nyumba za kawaida, wakakuta ili mimea ishindane na hewa inayoingia na kutoka yenyewe ungehitaji kati ya mimea 10 na 1000 kwa kila mita moja ya mraba. Sebule ya mwalimu ina madirisha ya nondo yanakaa wazi toka alfajiri mpaka mbu waanze, hewa inajisafisha. Nilimwambia, akacheka, akasema basi tuache hiyo sababu. Alivyoiachia kirahisi ndivyo nilivyojua siyo yenyewe.

La hela nalo linaonekana lina akili, na watu wa saikolojia na uchumi wana jaribio maarufu la kuliunga mkono. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ya vikombe, wanafunzi wengine wanapewa kikombe kiwe chao, wengine hawapewi, halafu wote wanaulizwa bei. Wenye nacho walitaka kama dola 7 ndio wakiachie, wasio nacho walikuwa tayari kutoa kama dola 3. Kikombe kile kile, kimekaa mkononi muda mfupi tu kimepanda bei. Watu wakisoma hiyo wanasema ahaa, ndio maana mama hataki kuachia. Mimi hapa nakataa. Nimekaa barazani kwa mwalimu nikamuona kwa macho yangu jirani anaingia kuomba pingili ya mani planti, mwalimu akamkatia tatu, akamfungia kwenye gazeti lenye maji, akampa na maelezo, na hela hakutaka hata kuisikia. Mwanafunzi wake wa zamani kapita, kaondoka na begonia nzima pamoja na kopo lake. Mtu anayepandisha bei ya kilicho chake hafanyi hivyo. Huyu mama kuachia anaweza kuliko sisi wote, anagawa mpaka unamuonea huruma.

La upweke liko karibu zaidi lakini bado halijafika. Upo utafiti mwingine unaopenda kutajwa, wa Ellen Langer na Judith Rodin, 1976, nyumba ya kutunzia wazee kule Connecticut, Marekani. Kundi moja la wazee walipewa kila mtu mmea autunze mwenyewe, wakaambiwa na mambo yao mengine pale ni ya kwao kuamua, kundi la pili nao walipewa mimea ila ikamwagiliwa na manesi na maisha yao wakapangiwa. Kundi la kwanza wakachangamka zaidi. Siku hizi kila muuza maua anaitaja hiyo kama ushahidi kwamba ua linaponya uzee, na mimi muuza maua nasema tusidanganyane, pale vitu viwili vilichanganywa, ua na kuamua, na ninavyoona mimi kuamua ndiyo nusu kubwa. Nilichochukua pale ni kimoja tu, kwamba nikifanya kazi kama nilivyoagizwa, nikachagua kumi mimi, nitakuwa yule nesi mwenye jagi. Kwa hiyo nilimpigia kijana nikamwambia hela ya mafuta baki nayo kwanza, kuchagua atachagua mwenyewe mwalimu, mimi nitambebea.

Halafu kuna ratiba. Mwalimu anaamka alfajiri, sala, chai, halafu anachukua kopo lake anaanza mzunguko, anaongea nayo, wewe jana sikukunywesha, wewe unajifanya unaumwa, wewe geuka huku upate jua. Amefundisha darasa la kwanza na la pili miaka mingi, ukimsikia hata husemi anaongea na mimea, unasema anaita mahudhurio. Alivyostaafu hakulia, alihamisha darasa tu. Sasa ukija ukamwambia bakisha kumi, ujue unamstaafisha mara ya pili, tena safari hii bila hata mafao.

Lakini bado hiyo haielezi kiroba cha taka, maana difenbakia lile mwenyewe alikuwa amelichoka, aliniambia kabisa hili limezeeka vibaya, sura limepoteza. Nikamuuliza basi kwa nini ulilitoa kule getini? Akanyamaza, akamimina chai, akasema, "Mwanangu, kwetu kitu cha kijani hakiendi jalalani."

Kwetu anamaanisha Kibosho, kule mlimani Kilimanjaro, kihambani, yaani kwenye shamba la familia la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Na kama umekulia mlimani unaelewa, kama hujakulia ngoja nikueleze maana kisa kizima kimelala hapo. Kwenye kihamba hakuna pipa la taka za majani. Mgomba ukishatoa mkungu unakatwa, shina linakatiwa ng'ombe, majani makavu yanatandazwa chini ya kahawa, kinachobaki kinaoza, samadi inarudi kwenye migomba, unakuja kula ndizi ile ile. Tawi la mti wa kivuli likianguka ni kuni, magugu ukipalilia unampelekea mbuzi. Mtu anaweza kuzeeka kihambani hajawahi hata siku moja kushika mmea akasema huu sasa ni uchafu. Anakufa mmea, ndiyo, kila siku inakufa, na hakuna anayelia, kwa sababu ina pa kwenda. Sasa huyo mtu mlete mjini, nyumba imezungukwa na pevingi, ua likichoka liko njia moja tu, kiroba, gari, dampo, pamoja na pempasi. Ndipo unamkuta mama wa watu analirudisha difenbakia ndani, na watoto wanaita ushamba au ugonjwa wa kulimbikiza vitu. Ugonjwa wa kulimbikiza upo kweli, tangu 2013 umo kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani kama ugonjwa unaojitegemea, ila huko mtu hawezi kuachia karibu chochote, nyumba inajaa mpaka jiko halipikiki. Huyu nimeshawaambia makochi aliachia bila hata kugeuka.

Kwa hiyo swali la kumuuliza siyo yapi tutupe. Nilimuuliza, "Mwalimu, kila moja hapa liende wapi?" Na hapo mambo yakaanza kutembea, akaleta daftari lake la mistari na kalamu nyekundu.

Yenye nguvu na yasiyotaka kubembelezwa, sneki planti na aloevera na zile krotoni nzuri tatu, kihambani kwa kaka yake, yakapandwe chini kabisa yaache habari za ndoo. Jumla tisa. Majirani, wanafunzi wa zamani, mama wa jumuiya na moja la parokiani, kumi na tano, na kila moja liliandikiwa jina la anayelichukua, mwalimu ni mwalimu. Aliporudi kwenye zile krotoni tano za vidung'ata akasema nazo ziende Kibosho, kule zitapata hewa zipone.

Hapo ilibidi niseme, na nilijua nikianza na habari za dawa na gharama atanishinda. Nikamkatia jani moja nikampa na kioo changu cha kukuzia, nikamwambia angalia mwenyewe. Akaangalia muda mrefu. Nikamuuliza kaka yako kahawa bado anayo? Anayo. Nikamwambia hawa wana ndugu zao wanaokula kahawa, hata hawa wenyewe mimi siwezi kukuapia kwamba wakifika kule hawatahama, na sisimizi wa kuwabeba wapo tele. Mwalimu akaweka kioo mezani. Akasema, "Basi hizi tuzichome leo." Leo, siyo kesho. Yule yule aliyekwenda getini kutoa shina kwenye taka, alisimama jikoni nyuma ya nyumba kwenye mafiga akatupia krotoni moja moja na mizizi yake na udongo uliokuwa umeshikana nayo, na zile ndoo akamwambia dada azisugue na maji ya moto na sabuni. Hakuna aliyemlazimisha. Ukisema huyu ana shida ya kuachia, tuambie hapo aliachiaje. Mimi naona alikuwa analinda kahawa, na kulinda kahawa ni kazi anayoijua toka mtoto.

Difenbakia ndilo lilichukua mazungumzo marefu. Njiro kuna mjukuu wa miaka miwili anayetia kila kitu mdomoni. Lile ua majani na shina vimejaa fuwele za kalsiamu oksaleti, ndogo kama sindano, mtoto akitafuna mdomo na ulimi vinawaka moto vinavimba, mate yanamtoka, kumeza inakuwa shida na sauti inaweza kukauka. Mara chache sana inaua lakini hakuna bibi anataka kushuhudia. Mani planti nayo ina fuwele hizo hizo, ndio maana nilishauri ining'inizwe juu. Mwalimu akasema basi hilo haliendi Njiro, na kihambani pia hapana, watoto wa kaka nao wapo. Likabaki halina pa kwenda. Nikasema nipe mimi. Akaniangalia kama anasahihisha mtihani, akauliza, "Utalifanyaje?" Nikamwambia ukweli, nitalikata pingili, kila pingili yenye jicho nailaza kwenye mchanga wenye unyevu, zinachipua, lile shina bovu linaenda kwenye mboji yangu. Hakutaka nimfariji kwamba nitalitunza lilivyo. Alitaka kujua njia yake. Akalibeba mwenyewe mpaka kwenye pikipiki yangu, nikamkumbusha anawe mikono.

Sasa kijana. Wakati haya yote yanaendelea yeye yuko Arusha, mama anaongea naye kwa mkato, ndiyo, sawa, Mungu akubariki. Akaja wikendi ya kufunga mizigo, akafika getini akasimama. Nadhani mjomba wake wa Kibosho ndiye aliyemfundisha maana yeye kakulia mjini. Aliingia ameshika jani la isale kwa mikono miwili.

Kwa wasio wa Kilimanjaro: isale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, kitaalamu Dracaena fragrans, huko Ulaya unauzwa kama ua la sebuleni na wanaoununua hawana habari. Kwa Wachagga ukimkosea mtu ukampelekea isale, umeomba msamaha rasmi, na aliyeletewa akikataa inakuwa ni yeye sasa mwenye kesi. Siyo kitu cha mchezo, watu wamemaliza ugomvi wa mashamba kwa jani hilo.

Mwalimu akalipokea, akaligeuza, akaangalia pale lilipokatwa, utomvu bado mbichi. Akainua macho akatazama baraza, kona ya kulia, kwenye ndoo ya rangi ya lita ishirini lilipokaa isale lake alilolileta kutoka mpakani kwa marehemu mama yake. "Umenikatia isale langu mwenyewe?" Kijana akajikuna kichwa. "Mama, mjini hapa ningelipata wapi tena?" Tulicheka mpaka dada wa kazi akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Na ndoo hiyo, ambayo kwenye orodha ya kijana ya mwanzo ilikuwa imeandikwa "yale majani marefu, tupa," ilikuwa ya kwanza kupakiwa.

Kuhusu safari niseme kidogo kwa anayetaka kuhamisha maua njia hiyo. Tulikodi kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, na kirikuu kiko wazi, Boma Ng'ombe mpaka uwanja wa ndege wa KIA ule upepo ni mkavu na unachana majani vibaya, kwa hiyo funika na chandarua cha zamani, usitumie turubai, ndani ya turubai jua likitoka yanaiva. Usimwagilie asubuhi ya safari, mwagilia jana yake, ndoo zikiwa na tope zinahama na kumwagika. Na Arusha iko juu kuliko Moshi, Juni na Julai baridi yake siyo ya utani, begonia zikae ndani mbali na dirisha mpaka zizoee.

Yaliyopanda kirikuu ni kumi na tatu, siyo kumi. Mkwe alihesabu wakati wa kushusha, nilimuona midomo inavyotembea, hakusema kitu. Asichojua, au alikuwa hajajua siku ile, ni kwamba kwenye pochi ya mwalimu kulikuwa na mfuko wa nailoni una majani manne ya lile ua dogo la zambarau la Usambara, yamefungwa na pamba mbichi. Ua lenyewe alimpa jirani. Hilo jani moja ukilichomeka kikonyo kwenye mchanga wenye unyevu linatoa vitoto. Ni ua la kwetu kabisa, mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao Ujerumani kutoka Tanga, mwaka uliofuata wakalipa jina lake, leo dunia nzima wanalo madirishani na sisi tunalinunua.

Nimepita Njiro juzi kati nikiwa natoka Tengeru kuchukua miche. Mzunguko wa asubuhi upo, mjukuu sasa anatembea nyuma na kikombe cha plastiki anamwagia maji kila kitu hadi viatu. Majani mawili kati ya manne yametoa vitoto, kwa hiyo hesabu ya vyungu imeshaanza kupanda. Kesi iliyopo mezani sasa hivi ni ya mkwe, maji yanachuruzika kwenye vigae vyake vyeupe yanaacha duara la njano chini ya kila ndoo, na ana haki. Nimewapimia visahani vya kuweka chini, vya inchi kumi vipatikane saba na vikubwa zaidi sita, ile ndoo ya isale itabidi itafutiwe beseni.